Kisiwa cha Tatu Tulishuka na Mizigo Yote

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu jirani aliliazima akafungia maandazi, nakupa kwa kifupi, maana nimechoka kurudia.

Mimi ni Kavuo, muuza vitenge wa Butembo. Kampuni ya ng'ambo ninakonunua mzigo ilichezesha bahati nasibu kwa wateja wake, jina langu likatoka: safari ya watu wawili ndani ya meli ya starehe, kuzunguka visiwa vya bahari ya joto huko Asia. Ilikuwa mwisho wa mwaka 2002, wakati watu wa Mambasa walikuwa wanakimbia vita na kuingia Beni na magodoro kichwani.

Mume wangu Maliro alikataa kwenda. Mtoto wetu wa pekee, Jemima, tuliyempata baada ya kungoja miaka mingi, alikuwa anasoma bweni huko Beni. Baba yake akasema hawezi kwenda kuota jua wakati watu wanakimbia. Atabaki, amfuate mtoto, amlete nyumbani Butembo. Nafasi yake akampa dada yake Anne-Marie, fundi wa kushona, mjane, mtu asiyeogopa kitu duniani isipokuwa maji.

Nimeshawaambia tulivyonyang'anywa saa na viatu kabla hatujafika mpaka wa Kasindi, na Anne-Marie alivyotapika tangu meli ilipong'oa nanga. Mliniacha kwenye ngazi ya meli, asubuhi ya kisiwa cha kwanza, baharia amenizuia njia na watu wamejaa nyuma yangu.

Kilichomshangaza baharia ni mizigo. Tulikuwa tunashuka na kila kitu: masanduku mawili, fungu la vitenge mgongoni kwa Anne-Marie, hadi sabuni ya chumbani. Wenzetu wote walishuka na kofia na miwani.

Alikuja mama mmoja wa ile meli, mnene, mpole, anayejua Kifaransa. "Madame, mnashuka kutembea tu," akasema. "Jioni mtarudi. Acheni mizigo chumbani."

Nikamtafsiria wifi yangu kwa Kiswahili, ingawa Kifaransa alikisikia vizuri. Alitaka tu kusikia kutoka kwangu.

"Mama Jemima, ambia huyu mutu siye tunajua," Anne-Marie akasema. "Banakuambia acha bintu, utarudia. Kule Lubero banatuambia vile vile. Tulirudia tukakuta hata mulango banabeba!"

"Anne-Marie, hapa hapana vita."

"Na kule kwetu vita ilipiga hodi?"

Tukashuka na mizigo yetu, sanduku moja kichwani kwake, na watalii wakatupiga picha wakidhani ni ngoma ya kienyeji iliyoandaliwa na kampuni.

Chini walitupanga mstari. Kila mtu akabandikwa karatasi ya namba kifuani, akapewa chupa ya maji na mkate, akaambiwa afuate mwanamke mwenye kibendera cha njano. Kwetu mtu akiwekwa kwenye mstari, akabandikwa namba na kupewa mkate, ujue amekimbia. Hawa wazungu walikuwa wamelipia.

Walitupeleka kuona nyani. Mimi Kavuo, niliyekulia Manguredjipa, ambako nyani anakula mahindi yako nawe unamtukana, nimevuka bahari kwenda kuangalia nyani! Nikamwambia Anne-Marie achunge mizigo, nikatafuta simu.

Nilikiona kibanda cha simu nyuma ya soko. Nikampigia Nassoro, jirani yetu wa mtaa wa Mususa, mwenye duka na magari ya kubeba watu. Ni yeye peke yake kwenye avenue yetu aliyekuwa na simu ya satelite, na sote tulikuwa tunaongelea pale.

"Allô! Nassoro, ni miye, Mama Jemima! Niko kwa kisiwa!"

"Eh, mama," akasema. "Muko bien?"

"Tuko bien. Mupe Maliro nimusemeshe."

"Maliro haiko. Alitoka kidogo."

"Na Jemima, alimuleta?"

"Jemima iko Masereka. Kwa koko yake. Masomo banafunga, njo tukaona atoke mbali na makelele."

Moyo wangu ulitua. Masereka ni juu milimani, kwenye viazi na baridi, na mama mkwe wangu ni mtu wa kumtia mjukuu mafuta mpaka ang'ae. "Hapo mumefanya muzuri, Nassoro. Mungu akubariki."

"Amina. Kule simu haiko, unajua. Mama, Anne-Marie iko karibu? Mupe nimusalimie."

Nikamwita, nikampa simu, nikakaa juu ya masanduku. Nyani mmoja alikuwa amemvua mzungu miwani na kupanda nayo juu ya ukuta. Nilicheka sana siku ile. Nawaambieni ili mjue: wakati wifi yangu yuko kwenye kile kibanda, mimi nilikuwa nje nacheka nyani.

Anne-Marie alitoka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nini tena?"

"Ni chumvi ya hii bahari," akasema. "Kuya, Kavuo. Twende tuone banyani."

Bahari ilikuwa upande wa pili wa soko, lakini sikuliwaza hilo. Niliwaza tu kwamba ameniita Kavuo. Katika ukoo wa Maliro hakuna aliyeniita hivyo tangu nilipojifungua. Nikajua amekasirika kwa sababu nilimcheka na mizigo yake. Nikamwacha, atapoa.

Hakupoa. Aligeuka mtu mwingine kabisa.

Yule aliyekuwa analala chumbani na ndoo pembeni sasa aliamka kabla yangu, akaoga, akaenda kutuandikisha kwenye kila matembezi. Maporomoko ya maji, tumo. Shamba la viungo, tumo. Kucheza ngoma na kuvishwa maua shingoni, tumo, na miguu imevimba. Nikisema nataka kulala, ananivua shuka. Nikikaa peke yangu kwenye sitaha, anakuja kukaa. Nikienda chooni, anasimama mlangoni.

"Anne-Marie, umekuwa askari wangu?"

"Tulikuya kutembea. Tutembee."

"Nimechoka."

"Na miye nimechoka, Kavuo. Vala viatu."

Wakati mmoja nilirudi chumbani ghafla kuchukua kofia nikamkuta amefungua maji ya bafuni yote, yanamwagika bure, naye ameketi sakafuni na nguo zake. Akasema tumbo. Nilimtengenezea chai ya tangawizi na kumkanda mgongo. Alinishika mkono muda mrefu, na mimi nilikuwa nawaza jinsi wazungu wanavyopoteza maji.

Kisiwa cha pili walitupakia kwenye mashua yenye sakafu ya kioo, ili tuone samaki na kasa chini ya miguu yetu. Anne-Marie, ambaye hata mto wa Kimemi pale mjini anauvuka kwa sala, alipanda wa kwanza. Akakaa katikati, amefumba macho, midomo inacheza. Kasa akapita chini yetu, mkubwa, watu wakapiga makofi.

"Angalia, Kavuo," akasema, macho bado amefumba. "Ni muzuri sana."

Tulipofika pwani nikakimbilia simu. Safari hii alijaribu kunizuia, eti tutachelewa kunywa maji ya nazi. Nikamwambia nazi azinywe zote yeye.

"Allô, Nassoro! Maliro iko?"

"Mama, salama. Maliro alitoka kidogo."

Maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Nikasikiliza vizuri. Nyuma yake kulikuwa na shoka linapasua kuni. Siyo kuni za sufuria moja. Shoka lilikuwa linaenda, linapumzika, linaenda. Na nyuma ya shoka nikasikia wanawake wengi wanasali rozari pamoja, mmoja anaanza, wengine wanapokea.

"Nassoro, uko kwa duka?"

"Niko... hapa kwenu, kwa parcelle."

"Unafanya nini kwetu na simu?"

"Antene inakamata muzuri huku."

"Nassoro, weye ni muislamu. Nani anasali rozari karibu yako?"

Nikasikia simu inapokonywa. Akaja mke wake, Hadjara, ambaye tumeazimana chumvi tangu tulipojenga.

"Kavuo? Unakula? Unalala? Kula, ndugu yangu. Nakuomba, kula."

"Hadjara, Maliro iko wapi?"

"Alitoka kidogo," akasema, na simu ikakatika, au aliikata.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini gazeti hili linafika mbali. Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani. Anaweza kuanguka barabarani, anaweza kujitupa, nani atamshika? Kwa hiyo ataambiwa mtu wake ametoka kidogo, amelala, anaoga. Anaachwa afike, apewe kiti, apewe maji, wakubwa wakae pande zote, ndipo aambiwe. Kaswera, mwenzangu wa sokoni, alipokuwa Kampala baba yake akafa, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwa simu kwamba mzee yuko kinyozi. Sikuona dhambi. Ndivyo tunavyopendana.

Kwa hiyo nilijua. Kuni nyingi, rozari mchana, muislamu amehamishia simu yake nyumbani kwangu. Pale kwangu palikuwa na matanga, na Maliro alikuwa ametoka kidogo.

Nilirudi melini mikono imening'inia. Watu walikuwa wanakula kamba wakubwa na kupigiwa muziki. Nikamkuta Anne-Marie kwenye sitaha, ameshika chuma kwa mikono miwili, anaangalia maji anayoyaogopa.

"Kaka yako amekufa," nikamwambia. "Na weye unajua. Tangu kisiwa cha nyani unajua. Unanizungusha na makasa na maua juu ya nini?"

Aligeuka haraka. "Maliro? Hapana! Maliro iko muzima!"

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu. Naapa kwa kaburi ya bwana yangu. Kaka yangu iko muzima, anapumua, anatembea na miguu yake."

Anne-Marie hajawahi kumwapia marehemu mumewe bure. Nilimtazama machoni na niliona ni kweli. Nikakaa chini palepale, nikalia kwa furaha mbele ya wazungu.

"Kwani ni matanga ya nani?"

"Kesho kwa kisiwa nitakupatia Maliro kwa simu. Atakuambia ye mwenyewe. Lakini leo kula, Kavuo. Kula mingi."

Nikawaza wazee wote wa avenue yetu, nikamchagua mmoja, baba wa jirani, ambaye alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Labda parcelle yao, uwanja wa nyumba, ni ndogo, wameomba yetu. Masikini mzee wa watu, nikasema, hata mauti yake imenipa presha. Nikala kamba. Nikaomba tena. Jioni ile nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya safari ile, nakiri. Wifi yangu alikaa mbele yangu na sahani tupu, ananiangalia ninavyokula.

Asubuhi tukafika kisiwa cha tatu. Ratiba ilisema mchanga mweupe na ngamia wa kupanda. Mimi tayari nilikuwa mtalii kamili: kofia ya majani, mkoba mdogo, basi. Nikatoka chumbani nikimwita Anne-Marie, nikamkuta yuko ngazini kwenye foleni, amevaa kitenge cheusi, na mizigo yetu yote iko miguuni pake. Masanduku mawili. Fungu. Hata sabuni.

"Tena?" nikasema. "Anne-Marie, tena? Utatuchekesha mpaka lini? Tunarudia jioni!"

"Beba hii ndogo."

"Sibebi."

Akaibeba yeye. Nikamwona yule mama mnene wa meli anakuja, nikafurahi, nikajua sasa atamweleza kama siku ile. Hakumweleza. Anne-Marie alimpa funguo ya chumba chetu mkononi, wakaongea polepole kwa Kifaransa, wanaelewana kama watu waliokwisha kuzungumza kabla. Halafu yule mama akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushika tu, macho mekundu.

"Ana nini huyu?" nikamwuliza wifi yangu.

"Anakuaga."

"Ananiaga kwenda kuona ngamia?"

Chini, mwenye kibendera cha njano alitupungia tujiunge na mstari. Anne-Marie akampita bila kumtazama. Hakukubali kubandikwa namba. Kulikuwa na taksi imesimama, dereva anajua jina lake, anapakia mizigo yetu nyuma, na kando ya taksi kulikuwa na kibanda cha simu. Yeye mwenyewe akaingia, akapiga, akaongea maneno machache kwa Kinande, lugha yetu, akanipa.

"Ni Maliro," akasema.

"Allô?"

"Allô," mume wangu akasema.

Ilikuwa sauti yake. Imekwaruza, kama mtu mwenye mafua, lakini yake. Nilipiga kelele mpaka dereva akageuka.

"Baba Jemima! We mutu, unaniua bure! Nasema umekufa! Unatoka kidogo, unatoka kidogo, unaendaka wapi kila siku?"

"Niko hapa."

"Na hiyo matanga ni ya nani? Ni ya ule muzee wa kukohoa?"

"Mizigo yenu mumeshusha?" akauliza.

"Dada yako ameshusha mpaka sabuni! Umwambie, mi nimechoka naye."

"Ni muzuri. Sikia. Mutapanda ndege leo. Nassoro atakuya kuwapokea kwa mupaka na gari. Hapana kuachana na Anne-Marie hata kidogo. Unasikia, Kavuo?"

Nilisikia.

Nilisikia pia shoka, bado linaenda, siku zote hizo bado linaenda. Nikasikia rozari ikipungua, mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa wamejua ni mimi niko kwenye simu. Nikamkumbuka Hadjara: Kavuo, unakula? Nikamkumbuka Anne-Marie mlangoni mwa choo, kwenye mashua ya kioo: angalia, Kavuo. Nassoro aliniita mama tu, mama, mama, hakumalizia. Tangu nilipojifungua, jina langu la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Hata siku tulipogombana na mume wangu mpaka nikalala kwa dada yangu, alikuja kunifuata akasimama mlangoni akasema, Mama Jemima, twende. Jina lile la mtoto mtu wa kwetu hakuvui mtoto akiwepo.

Kibanda kilikuwa na joto. Nje, watu wa meli yetu walikuwa wanapita na kofia zao kwenda kupanda ngamia, wanacheka. Anne-Marie alikuwa amekuja karibu, amesimama nyuma yangu, amefungua mikono kidogo pande zote mbili.

"Jemima iko Masereka?" nikauliza.

"Rudia nyumbani," akasema. "Tutaongea nyumbani."

"Ulimufuata Beni?"

"Nilimufuata."

"Mulifika?"

Nilimsikia mtu akimwambia kitu kwa Kinande, sauti ya mzee, labda ya kumwonya.

"Baba Jemima," nikasema polepole, kwa sababu sikutaka akosee. "Siulize kitu tena. Sitaki kujua matanga ni ya nani. Niite tu sawa vile unaniitaka siku zote, nisikie, halafu napanda ndege."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Niite, baba. Nakuomba. Ni jina moja tu."

Shoka lilisimama. Pale kwetu hakuna aliyekohoa, na mikono ya Anne-Marie ilikuwa tayari imenishika mabega.

"Kavuo," akasema.